Risiva ya Mama Mkwe

Vuai alikuwa muuza mapazia. Aliyoyajua kwa uhakika hapa duniani yote yalihusu mapazia: kitambaa kipi kinapauka kwa jua, fimbo ipi itapinda kabla ya Idi, pete zipi zitapiga kelele mtu akivuta. Lakini ukimkuta Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule Guangzhou, China, mbele ya mkahawa wa tambi, glasi ya chai mkononi, ungedhani ni mhandisi wa serikali. Mtu akiuliza habari za simu, Vuai alikuwa na la kusema. Mtu akiuliza habari za jenereta, Vuai alikohoa kwanza, halafu naye akawa na la kusema. Nusu ya maarifa hayo aliyaokota kwenye video za mtandaoni, nusu aliyatunga papo hapo. Siri hiyo aliijua yeye, na mkewe Hasna, na pengine kila mtu mwingine.

Basi mama yake Hasna, Bi Sihaba, alipokuja kutoka Unguja kumuona mjukuu, akasema asubuhi moja kwenye chai kwamba anataka kununua hom theta ya sebuleni kwake Kikwajuni, Hasna alitazama dari. Vuai aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeitwa na taifa.

"Mama," alisema, "umefika kwenye mikono yenyewe."

"Mikono ya nani?" Bi Sihaba aliuliza.

"Yangu."

"Aa," alisema Bi Sihaba, akaendelea kuchovya mkate.

Fedha yenyewe ilikuwa ya upatu, na Bi Sihaba alishasema hataki aongezewe hata senti. Hataki kuja kuambiwa sebule yake ni ya mkwewe. Televisheni anayo. Spika za kawaida wenye maduka huzitia bure juu ya bei ukinunua vitu vikubwa. Vilivyobaki ni viwili, deki ya kuchezea diski na risiva ya kuendesha sauti, na kiasi alichokuja nacho kilitosha kununua kimoja kizuri na kimoja cha kujikaza. Swali lilikuwa kipi kiwe kizuri.

Vuai alilivamia swali hilo kama mwanafunzi anayekaribia mtihani. Alitazama video za Wamarekani wenye ndevu wakibishana juu ya risiva. Alimtazama Mhindi mmoja akiifungua deki kwa bisibisi na kuisifu utumbo. Alijifunza maneno mapya na kuyajaribu kwa Hasna, ambaye alikuwa akihesabu pete za mapazia wala hakumtazama. Mwisho akatoa hukumu: deki. Deki ndiyo inayosoma picha. Risiva kazi yake ni kelele tu, na kelele Zanzibar hazijawahi kupungua.

"Umemuuliza mama anataka kuangalia nini?" Hasna alisema.

"Picha."

"Picha gani?"

"Hasna, picha ni picha."

Wakaenda yeye na Bi Sihaba, kwa treni ya chini ya ardhi, kwenye jengo linalouza vyombo vya sauti upande wa mtoni. Mvua ilikuwa ile ya Guangzhou ya kila siku mwezi wa tano, haikunyeshei bali inakuvaa. Vuai alimshika mama mkwe mkono kwenye ngazi, akaona anavyomkamata kwa nguvu na kupapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu. Alifurahi. Alidhani ni mapenzi.

Duka alilolichagua lilikuwa la mzee mmoja mwembamba, mwenye kandambili na sauti iliyokauka kwa sigara, ambaye Vuai alimwita laoban kama tunavyowaita wote wenye maduka, na yeye akamwita Vuai pengyou, rafiki, kama wanavyotuita sote wenye pochi. Bi Sihaba alipewa kiti cha plastiki katikati ya duka. Akakaa, buibui lake amelikusanya, mkoba mapajani.

Vuai alitaka mambo yafanywe kitaalamu. Alimwambia laoban, kwa Kichina chake cha sokoni kisicho na vitenzi, awashe televisheni mbili sawasawa, moja aiunganishe na deki ya ghali, nyingine na deki ya kawaida, ili mama aone tofauti kwa macho yake. Deki ya ghali ilikuwa nyeusi, nyembamba, haina sahani ya kutolea diski; ina ufa tu mbele, unaichomeka diski inaimeza. Vuai aliipenda tangu alipoiona. Aliipapasa mgongo. Picha ya samaki wa rangi rangi ikatokea kwenye televisheni ya kulia. Laoban akainama nyuma ya meza kuhangaika na nyaya za ile ya kushoto.

"Mama," Vuai alisema, akajisogeza kando na kunyoosha mikono kama mtangazaji, "tazama kwa makini. Usiharakishe. Huku kulia, na huku kushoto. Ipi imekaa vizuri?"

Bi Sihaba alitazama. Akainamisha kichwa upande, akakirudisha. Alichukua muda wake kabisa, mpaka Vuai akamkonyeza laoban kumwonesha kwamba hawa si watu wa kununua ovyo.

"Ya kushoto," alisema Bi Sihaba. "Rangi zake zimetulia."

Ya kushoto ilikuwa imezimwa. Laoban alikuwa bado ameshika plagi yake mkononi.

Samaki waliendelea kuogelea kulia. Ndipo Vuai akakumbuka chai ambayo mama alikuwa akiimwaga pembeni ya kikombe kila asubuhi tangu alipofika, na jinsi yeye, mtaalamu, alivyopiga magoti akakunja kipande cha boksi na kukitia chini ya mguu wa meza, akasema sasa imekaa sawa. Akakumbuka na ngazi.

Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, macho yako vipi?"

"Yapo."

"Mama."

"Ukungu tu," alisema Bi Sihaba kwa sauti ndogo. "Umeanza zamani kidogo. Usimwambie Hasna. Atanikokota hospitali, na mie sikuja huku kuchomwa sindano, nimekuja kumbeba mjukuu."

"Sasa hiyo picha unaitakia nini?"

"Nani kasema nataka picha?" Bi Sihaba aliinua uso. "Wewe ndiye uliyesema picha. Toka siku ile ni picha, picha, mpaka nimechoka. Mie nimesema nataka hom theta. Nataka kumsikia Haidar."

Mzee Haidar alikuwa mumewe, baba yake Hasna, na miaka mingi alikuwa mpiga video wa harusi. Nusu ya watu wa mjini Unguja waliooana siku zile walioana mbele ya kamera yake. Na kwa kuwa kamera daima alikuwa nayo yeye, hakuna diski hata moja aliyoonekana ndani. Kilichobaki kwa mjane ni sauti, ikitoka nyuma ya lenzi: sogea, inua uso, nani kanizibia taa. Kwenye televisheni yake ya Kikwajuni sauti yenyewe ilikuwa ikifa katikati ya ngoma na vigelegele, na Bi Sihaba amekuwa akikaa na sikio karibu na kioo.

Akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso diski ndogo, si kubwa kuliko kisahani cha kikombe cha kahawa.

"Hizi ni za ile kamera yake ya mwisho, aliyoletewa kutoka Dubai," alisema. "Alikuwa akijisifu nayo, ati ina masikio ya kunasia sauti mbele na nyuma. Jaribu."

"Ni ya harusi gani?"

"Sijui. Niliichukua iliyokuwa juu."

Vuai aliipeleka diski kwenye ule ufa wa deki yake mpenzi. Laoban akaruka kama aliyeunguzwa, akamshika mkono. Bu xing! Haifai! Ile deki, alieleza kwa vidole, diski ndogo itaimeza na haitaitapika. Akaivuta deki ya kawaida, nene, ya rangi ya kijivu, yenye sahani inayotoka na kuingia, na katikati ya sahani kuna kijiduara cha diski ndogo. Ikaketi pale kama imetengenezewa. Hivyo uchunguzi wote wa Vuai, Wamarekani, Mhindi na bisibisi yake, ukawa umekwisha kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sasa risiva. Laoban alianza na ndogo, ile ambayo Vuai mwenyewe alikuwa ameitengea makombo ya bajeti. Ikaungwa spika mbili za mbele. Diski ikazunguka, na kwenye televisheni akatokea bwana harusi mwembamba, amekaa kwenye kiti cha dhahabu, anatoka jasho.

Alikuwa Vuai.

"Ni yetu hii," alisema, akacheka. "Mama, umechukua harusi yetu!"

"Nyamaza nisikie."

Dufu zilikuwa zikipigwa, wanawake wanashangilia, na mbali huko, kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa, Mzee Haidar alisema kitu. Bi Sihaba alisogeza kiti. Akaukunja uso.

"Ni hivi hivi ninavyomsikia nyumbani," alisema. "Nimekuja mpaka China kumsikia hivi hivi."

Laoban, ambaye hakuelewa neno lakini alielewa uso wa mteja asiyeridhika, akachomoa nyaya akazichomeka kwenye risiva kubwa iliyokuwa juu ya rafu, yenye spika kuzunguka duka zima, mbili zikiwa ukutani nyuma ya kiti cha Bi Sihaba. Akarudisha diski mwanzo.

Dufu zikaja kutoka mbele. Vigelegele vikaja kutoka pembeni. Na kutoka nyuma, karibu kabisa, juu ya bega la Bi Sihaba, sauti ya mwanamume ikasema:

"Sogea kulia, mama weye, umemziba bibi harusi."

Bi Sihaba aligeuka. Mkono wake ulikwenda kichwani peke yake, ukauweka mtandio vizuri.

Vuai alitaka kusema kitu cha kitaalamu kuhusu spika za nyuma, lakini akajizuia. Na ni vizuri hakusema, kwa sababu Mzee Haidar hakuwa amemaliza. Kumbe ile kamera, pamoja na masikio yake ya nyuma, ilikuwa ikichukua hata yale ambayo mpiga video anajisemea mwenyewe akirekebisha lenzi, na miaka yote hiyo hapakuwa na chombo cha kuyatoa.

"Ya Rabbi," ilisema sauti, chini kwa chini. "Ndiye huyu aliyemtaka mwanangu? Kanzu imemmeza. Kama mto uliotiwa foronya ya kaka yake."

Dufu. Vigelegele. Bwana harusi kwenye kioo alijifuta jasho kwa leso.

"Anatoka jasho lote hilo, kwani kapelekwa vitani? Na mapazia! Mwanamume mzima, umeulizwa kazi unasema mapazia. Haya, tabasamu basi. La, usitabasamu. Bora vile vile."

Bi Sihaba alianza kucheka. Alianza tumboni, buibui likitikisika, halafu kikamtoka kicheko chenyewe, kile cha kushika mbavu, machozi yanamtiririka mashavuni na hayafuti.

Laoban alimgusa Vuai kiwiko, akauliza yule mzee anasema nini.

"Anasema," Vuai alijibu kwa Kichina, "bwana harusi mzuri."

Laoban alimtazama bibi anayecheka. Akamtazama bwana harusi kwenye televisheni. Akamtazama Vuai, kwa utulivu, kutoka juu mpaka chini. Halafu naye akacheka, akakohoa, ikabidi anywe maji ya moto.

Ni lazima ieleweke hali ya Vuai wakati ule. Kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiwaambia watu, pale pale kwenye mkahawa wa tambi, kwamba baba mkwe alimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa na hadithi yake: jinsi mzee alivyomshika mikono yote miwili baada ya nikaha, akamwambia karibu nyumbani. Aliisimulia kwa wachumba wenye wasiwasi kuwatia moyo. Siku ya mazishi alilia kupita wana wa marehemu, akajiona ana haki hiyo. Na sasa ile karibu nyumbani ilikuja kwenye diski, dakika chache baadaye, tamu kama alivyoikumbuka, na nyuma yake ile ile sauti ikavuta pumzi na kujiambia, "Haya. Ndiyo ishakuwa."

"Rudisha," alisema Bi Sihaba. "Pale pa mto. Rudisha pale."

Ikarudishwa. Akacheka upya. Kisha akabaki amegeukia ukuta, kwenye ile spika ya nyuma, mgongo wake kwa televisheni.

"Tangu afe," alisema, "nasikia maneno yale yale. Nimeyahifadhi yote. Sogea, inua uso, nani kanizibia taa. Leo ndiyo mara ya kwanza kuniambia jipya."

Laoban akauliza sasa, pengyou, ndogo au kubwa?

Hapo ndipo shetani alipomkalia Vuai begani. Risiva ndogo ilikuwa inamezea siri yake, haitasema kitu. Kubwa ingekwenda Kikwajuni, iwekwe sebuleni, na wanawake wa mtaa mzima wakae alasiri na kahawa yao wamsikie marehemu, kwa sauti safi kutoka pande zote, akieleza kuhusu mto na foronya. Na sentensi ya kumwokoa ilikuwa tayari ulimini, amezizoea sentensi za namna hiyo: mama, hii kubwa inakula umeme, vipuri vyake havipatikani Unguja, mafundi wa kule wataikaanga. Bi Sihaba angemwamini. Si yeye ndiye mikono yenyewe?

Alifungua mdomo. Bi Sihaba alikuwa bado ameegemeza kichwa upande wa ukuta, kama mtu anayesubiri mwenziwe amalizie maneno.

"Kubwa," alisema Vuai. "Na deki hii ya kijivu."

Laoban alishangaa. Asubuhi nzima si ulikuwa unasema picha, picha?

"Nimebadili mawazo," alisema Vuai, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake pekee ya ukweli siku ile. Walipatana bei, laoban akatia spika, na fedha ya upatu ikatosha bila kuazima kwa mtu. Kabla mama hajafungua pochi, Vuai akachuchumaa tena.

"Mama, nina sharti. Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

"Unanipa masharti weye?"

"Ndiyo, mama. Mto huu una masharti."

Bi Sihaba alicheka tena kidogo, akampiga begani kwa leso, akasema haya.

Hasna alipoambiwa habari ya macho alilia kwanza, akagomba baadaye. Alipoambiwa habari ya diski alitaka aisikie hapo hapo, na Vuai alipokwenda kuoga wakayafungua maboksi, mama na mtoto, wakaunga nyaya wenyewe. Alitoka bafuni na taulo akawakuta wamelala chini kwa kicheko.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alilipasua jicho moja, likapona, akapasua la pili. Siku plasta ilipotolewa Bi Sihaba alimtazama mjukuu sana, akambusu. Kisha akamtazama Vuai.

"Kanzu ile sasa ingekutosha," alisema.

Mizigo ilisafiri kwa wakala wa meli wa jengo la Tianxiu, risiva na deki zimefungwa katikati ya majora ya mapazia ya Vuai zisivunjike. Yeye, kwa kuwa alijua habari zitafika Xiaobei haraka kuliko meli itakavyofika Unguja, aliamua kujisimulia mwenyewe. Alikwenda mkahawani, akaagiza chai, akaieleza yote, na sauti ya marehemu akaiigiza vizuri kupita kiasi. Watu walicheka mpaka mwenye mkahawa akatoka jikoni. Jina la Mto likamkaa siku ile ile. Kuna kijana mmoja aliyemuuliza, baada ya kicheko kutulia, jenereta gani inafaa kwa duka la nyama. Vuai akakohoa, akafikiri, akasema, "Sijui." Wenziwe wakamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kule Kikwajuni, Bi Sihaba alikuwa akisikiliza diski moja baada ya nyingine, na alipiga simu kutoa ripoti. Marehemu alikuwa na maoni juu ya kila mtu. Dalali mmoja wa nyumba alifananishwa na kuku aliyelowa. Kaka yake Bi Sihaba, mtu wa heshima zake, aliitwa sanduku lisilo na funguo. Jamaa walianza kumtembelea mjane na biskuti, wakiuliza kwa upole leo inachezwa harusi ya nani. Bi Sihaba alipokea biskuti, hakutoa ahadi.

Siku moja Vuai alikuwa kwenye soko la vitambaa la Zhongda, anabishana na mwenye duka juu ya rangi ya maziwa ambayo yeye aliiona njano, simu ikalia.

"Vuai," alisema Bi Sihaba. "Nimekupata tena. Diski ya Idi, mwaka ule mliokuja kula kwetu."

Vuai alimwacha Mchina na rangi yake, akasogea kando.

"Kasemaje?"

"Umekaa kwenye mkeka, unakula. Kamera imekuganda muda mrefu, hata nikadhani kaisahau. Halafu kasema, 'Huyu mtoto wa watu, angalau anakula.'"

"Kasema hivyo? Angalau anakula?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa sauti gani, mama? Ya kupenda?"

Bi Sihaba alifikiri. Kwa nyuma Vuai alisikia dufu na vikombe, na wanawake wakiulizana yule aliyekaa mkekani ni nani.

"Kwa sauti ya mtu mwenye njaa," alisema, "aliyeshika kamera wakati wenziwe wanakula."

Vuai alishukuru, akaitia simu mfukoni, akasimama pale katikati ya majora ya vitambaa anatabasamu kama mtu aliyevishwa nishani. Mwenye duka akaja na kitambaa mkononi, akauliza amekubali au hakukubali. Vuai akakubali, bila kuangalia vizuri, na mapazia yalipofika Unguja yalikuwa ya njano.